Watu wa Mto Mkavu wa Firq

Baba alikuwa na gereji Firq, nje kidogo ya Nizwa hapa Omani, upande wa viwandani, na sisi tulikaa nyuma yake. Ukifungua mlango wa uani ulikuwa unaiona wadi, yaani mto mpana wa mawe ambao takriban mwaka mzima hauna maji. Mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla na kubeba kila kilicho mbele yake, kisha mto hurudi kuwa mawe. Kila asubuhi nilikwenda Nizwa kazini. Nilikuwa karani wa baladia, ofisi inayoshughulika na taka, masoko, mifereji, na mambo mengine ya mji ambayo hakuna mtu anayeyataka.

Baba alizaliwa Kigoma akakulia Bujumbura. Mama alizaliwa Unguja mjini. Walikutana Maskati miaka ya sabini, wakati watu wetu wa Afrika walipokuwa wakirudi na mabegi yao na Kiarabu cha kuombea chumvi. Baba alikuwa fundi wa magari ya jeshi, kisha akafungua gereji yake. Mama alitulea mimi, binti yake pekee, na kaka yangu kwa Kiswahili cha kwao, na tukikosea alitusimamisha hapohapo. Kaka yangu aliingia polisi, akapangiwa kituo cha karibu na nyumbani, ikawa kila Alkhamisi anakuja kula kwa mama na sare yake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mkandarasi mmoja wa barabara alimaliza kazi yake akaondoka, na baadhi ya wafanyakazi wake wakabaki. Kafili wao, yule mwenyeji aliyewaleta na kuwajibika kwao kwa serikali, hakuonekana tena, na pasipoti zao ziko naye. Hawakuwa na pa kulala wala pa kwenda. Wakajenga vibanda ukingoni mwa wadi, nyuma ya gereji, kwa mbao za plaiwudi, makuti, maturubai ya malori na maboneti ya magari mabovu. Maboneti mengine yalikuwa ya kwetu. Baba alilalamika kwa mama kuwa ameibiwa, na mama akamwambia kuwa boneti lililolala jalalani miaka yote ile bila kuulizwa si lake tena.

Kidogo kidogo wakaongezeka. Walikuwapo Wabangali, Wapakistani, mzee mmoja wa Kibaluchi aliyefukuzwa na watoto wake, na kinyozi mmoja wa Kibangali aliyetundika kioo juu ya mti wa mgunga akawa ananyoa mafundi wote wa Firq. Baba alinyolewa hapo kila Ijumaa kabla ya sala. Hakutaka kukaa na wale watu, lakini alisema mkono wa yule kinyozi ni mwepesi.

Kuhusu watu hawa, ofisi yetu ilikuwa na maafikiano nao ambayo hayakuandikwa popote. Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa Nizwa wa tangu na tangu, mnene, mpole, asiyependa kupigiwa simu kutoka juu. Siku moja alishuka mwenyewe wadini na wazee wawili wa mtaa, akakaa juu ya pipa, akazungumza nao. Wasijenge katikati ya mto. Wasiende haja karibu na falaji, mfereji unaopeleka maji mashambani. Mlima ukifunga mawingu, wahamie ukutani kwa magereji bila kungoja kuambiwa. Na yeye kwa upande wake atawapelekea gari la maji na pipa la taka. Yakaenda hivyo kwa miaka, wala sikumbuki ugomvi mkubwa.

Vita vya Burundi vilipochacha, wakaanza kuja watu wetu wa bara ambao hawakuwahi kurudi mwanzo. Mmoja wao alikuja gereji kuomba kazi. Alikuwa mrefu, mkimya, na alijua kunyoosha bodi za magari. Babu yake alitoka Ibra akaenda bara na hakurudi, na yeye sasa amekuja na mkewe, Mrundi, na mtoto wao wa kike. Ili apate uraia ilibidi sheikhe wa kabila lake huko Ibra aseme kuwa huyu ni wetu. Sheikhe alisema hamjui. Jamaa mmoja aliyewapokea Nizwa alichoka nao, wakatoka, na baba alipompa kazi tayari walikuwa wameshajenga kibanda chao wadini, cha mwisho kabisa upande wa mitende.

Mama alimjua yule mwanamke kwa sababu ya majani. Alikuwa amepanda mihogo miwili mitatu uani, na asubuhi moja akamwona mtu amesimama nje ya mlango anaitazama.

"Shikamoo, mama. Ile sombe munaikula?"

"Marahaba. Sombe ndiyo nini?"

"Hii majani."

"Hicho kisamvu, mwanangu. Ingia."

Siku hiyo walitwanga pamoja. Nilirudi kazini nikamkuta mama anacheka peke yake jikoni, anarudia maneno ya mgeni wake: kisu ya mboga, mayi ya kunywa, tunaikala kule chini. Alimcheka, lakini tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alishuka wadini na sufuria ya maharage na mandazi ndani ya kitambaa. Alianza kwa ajili ya yule mwanamke na mtoto wake. Kwa kuwa huwezi kumlisha mmoja mbele ya wengine, sufuria ikawa kubwa. Baba alisema hatuna haja ya kujulikana kwa mambo hayo. Alikuwa amengoja uraia wake muda mrefu, na hofu ya wakati ule haikumtoka hata alipoupata. Akiona gari la serikali linapita polepole, alijiinamia chini ya injini.

Kilichoharibu mambo ni moto. Jiko la mafuta ya taa lilipinduka katika kibanda kimoja mchana wa upepo, na makuti ya mwaka mzima hayahitaji kuombwa kuwaka. Mafundi wa magereji walikimbia na ndoo, gari letu la maji likafika, na moto ukazimwa kabla haujala nusu ya vibanda. Mtu mmoja aliungua mikono. Lakini moshi ulitanda juu ya barabara kuu, magari ya Maskati na ya Salala yakasimama, na kila aliyesimama alitazama chini akaona kitu ambacho siku zote alikuwa anakipita kwa kasi.

Mkuu wangu alifanya haraka. Kulikuwa na kambi kuukuu ya mkandarasi njia ya Tanuf, yenye ukuta, paa na kisima. Alikwenda kwa liwali, mwakilishi wa serikali katika mji wetu, akamwomba watu wahamishiwe huko kwa muda mpaka ijulikane kila mmoja ana shida gani na kafili wake ni nani. Liwali alikubali. Sisi wa ofisini tulipeleka wafagiaji, wakatoa takataka na nyoka, wakapaka chokaa. Nilikwenda mwenyewe kuangalia vyoo. Mkuu alitaka watu wahame wenyewe, kwa miguu yao, wakiwa na vitu vyao, baada ya wiki moja.

Wiki haikutimia. Aliitwa kwenye simu, na mimi nilikuwa chumbani mwake nikimpa barua za kusaini. Hakusema mengi. Alisema "naam" mara nyingi, kisha akasema kuwa pahala pameshatayarishwa, kisha akarudi kwenye "naam". Alipoiweka simu alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Khalas," akasema. "Imetoka mikononi mwetu. Polisi wa huko juu watakuja kuwaondoa. Sisi tunatakiwa tutoe tingatinga tu."

"Na kule tulikosafisha?"

"Patabaki safi," akasema.

Nilichukua barua zangu nikatoka. Sikumchukia, wala siwezi kusema kuwa huko juu walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wameambiwa kuna watu wasio na karatasi wanakaa kwenye mkondo wa maji na wanawasha moto karibu na barabara kuu, na yote hayo yalikuwa kweli. Ila wao waliyajua hayo tu.

Alkhamisi ile kaka yangu alikuja kula kama kawaida, akawa anauchezea wali. Baba alipoondoka kwenda kulala, kaka alinifuata uani.

"Mwambie mama Jumamosi asishuke wadini."

"Mwambie wewe."

"Siruhusiwi kusema."

"Basi mbona umeniambia mimi?"

Nikamhurumia, kwa sababu nilijua kuwa wale polisi wa kutoka juu hawaijui njia ya kushukia wadini na yeye ndiye atakayewaonyesha. Akaingia jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama, Jumamosi usishuke."

"Nisishuke kwa nini?"

"Kuna kazi."

"Kazi ya nani?"

"Yetu," akasema kaka.

Mama aliendelea kusugua sufuria. Aliisugua mpaka ikang'aa, halafu akasema, "Mtawapeleka wapi?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Mimi naonyesha njia tu."

Baada ya alasiri ya siku ya pili mama alishuka, nami nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja kibanda cha mwisho. Mwanamke alikuwa anamsuka mtoto wake. Mama alikaa, akauliza habari za homa ya mtoto, kisha akamwambia kuwa usiku ule angependa waje walale kwetu, wote watatu, na nguo zao.

Yule mwanamke hakuwa mjinga. Aliacha kusuka.

"Iko nini, mama?"

"Hapana kitu. Njooni tu."

"Na wengine?"

Mwanamke akatazama vibanda vingine. Mbaluchi alikuwa anaota jua, kinyozi ananyoa mtu. "Nikitoka na mizigo saa hii," akasema, "kila mtu ataniuliza naenda wapi. Nitawaambia nini? Na wewe mutoto yako ni polisi. Watajua ni yeye alisema." Akaendelea kusuka. "Tutalala hapa, mama. Mungu anajua."

Tulipanda kurudi. Njiani mama alisema, si kwangu hasa, "Kaniwazia mwanangu kabla ya kujiwazia mwenyewe." Usiku alikanda unga maradufu.

Walikuja Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, wakati mwanga unatosha kuona mawe. Malori mawili na magari madogo yalisimama juu, kando ya barabara, na tingatinga letu la njano likawa nyuma yao. Dereva wake nilimjua, tukinywa chai pamoja ofisini. Alinitazama akatazama pembeni. Polisi walishuka kwa mstari, na kaka yangu alikuwa mbele. Walipofika vibandani hawakupiga mtu wala hawakupiga kelele. Waligonga kwenye plaiwudi na kusema kwa Kiarabu na kwa Kihindi kibovu kuwa kila mtu atoke na vitu anavyoweza kubeba. Watu walitoka wakiwa wamejitanda mablanketi. Wakakalishwa chini kwenye changarawe, safu safu.

Mama alishuka na sufuria yake kichwani kama Jumamosi yoyote. Mimi nilibeba mandazi. Ofisa aliyewaongoza alikuwa kijana, nyota mabegani, viatu vimeng'arishwa. Alinyoosha mkono kutuzuia. Mama akaanza kumweleza kwa Kiarabu chake, kile ambacho mpaka leo sisi wanawe tunamtania nacho, kuwa hawa watu hawajala, kuna mtoto, kuna mgonjwa wa mikono.

Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Shikamoo, mama. Tafadhali simama pale kidogo."

Mama alishtuka mpaka sufuria ikacheza kichwani.

"Marahaba. Weye wa wapi?"

"Wazee wangu wa Wete, mama."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Anajua ulipo leo?"

"Anajua niko kazini," akasema ofisa, na masikio yakamwiva. Lakini hakuondoa macho yake kwa mama, na nilimheshimu kwa hilo. "Walishe, mama. Nawapa nafasi wale kwanza. Halafu lazima wapande."

Tukawalisha. Tulipita safu kwa safu, mama anapakua, mimi nagawa mandazi. Watu walikula wakitazama vibanda vyao. Kaka yangu alisimama kama mlingoti, mikono nyuma. Tulipofika mbele yake mama alimpa andazi kama alivyompa kila mtu. Akalipokea, akalishika, hakulila.

Yule mwanamke alikuwa mwisho wa safu, mtoto mapajani, mumewe pembeni. Mama akarudi kwa ofisa.

"Wale watatu ni watu wangu."

"Ndugu zako?"

"Babu yake huyo bwana ni wa Ibra. Mumeo— mumewe, nasema, anafanya kazi kwa mume wangu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia mama anababaika katika Kiswahili.

Ofisa akapunguza sauti. "Mama, nisikilize. Niliyoambiwa ni haya: asiye na mtu wa kumsimamia anapanda gari. Mwenye mtu, mtu wake aje hapa na kitambulisho chake, aseme huyu yuko kwangu, akipotea niulizwe mimi. Sina zaidi ya hayo."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mama yangu. Lakini anatakiwa mwenye nyumba."

Kaka yangu alikuwa kazini, hakuweza. Mama akanigeukia. "Kamwite baba yako."

Nilipanda mbio. Baba alikuwa amefungua mlango wa gereji, amelala chini ya Landruza, na nilijua kuwa alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu ile gari ilikuwa imeshatengenezwa tangu Alkhamisi. Nilimweleza nikiwa nimeinama. Miguu yake ilibaki ilivyo. Nikasema, "Baba, wanaanza kupakia." Basi akajivuta nje polepole, akaenda kwenye ndoo ya unga wa mbao, akaanza kusugua mikono kwa unga ule na petroli, kidole kwa kidole.

"Baba, fanya haraka."

"Nikienda na mikono hii," akasema, "watadhani mwizi wa magari."

Akavaa kanzu juu ya nguo za kazi, akachukua kitambulisho chake ndani, akashuka. Sikuwahi kumwona baba akimwendea polisi kwa hiari yake. Alitembea wima, lakini kwenye ile njia ya mawe alijikwaa mara mbili, njia aliyoipita kila Ijumaa kwenda kunyolewa.

Alitoa salamu, akanyoosha kitambulisho, akasema kwa Kiarabu, "Hawa wangu."

Ofisa alitazama kile kitambulisho, akamtazama baba. "Wote, mzee?" akauliza kwa Kiswahili.

Baba akageuka kuwaangalia. Walikuwa wote wanamtazama: watu waliomnunulia vyuma, waliomsukumia magari, waliomfahamu kwa miaka. Najua kuwa pale hofu yake yote ilimrudia. Akamwonyesha fundi wake, mke na mtoto. "Hawa watatu." Halafu mkono wake ukaenda kwa kinyozi, bila shaka bila yeye kupanga. "Na huyu."

Ofisa akamwuliza mwenzake, mwenzake akanong'ona. "Huyu hapana, mzee. Kafili wake amemshitaki kuwa ni mtoro. Sina ruhusa naye."

"Si mtoro. Yuko hapa siku zote. Kila mtu anajua yuko hapa."

"Najua, mzee. Ndivyo ilivyosajiliwa."

Kinyozi hakujua Kiswahili lakini alielewa. Akainuka mwenyewe, akashika sanduku lake dogo la bati. Askari mmoja alilifungua, akatoa mkasi na nyembe, akamrudishia sanduku na brashi na poda. Kinyozi akamwambia baba kwa kile Kiarabu cha wafanyakazi, "Hakuna tabu, baba, hakuna tabu," kama kwamba baba ndiye aliyekuwa anapakiwa. Akapanda lori.

Mbaluchi alichukuliwa na mpwa wake aliyeletewa habari. Mafundi wawili wa gereji ya jirani walikuja kuwachukua vijana wawili. Wengine wote walipanda. Tingatinga likashuka likapita juu ya vibanda kwa kwenda na kurudi, na kabla ya adhuhuri pale hapakuwa na kitu zaidi ya alama za magurudumu. Mkuu wangu alikuwa juu barabarani ndani ya gari lake muda wote, kioo kimefungwa. Siku ya pili ofisini aliniuliza kama watoto walikuwapo. Nikamwambia mmoja. Akasema, "Kambi ya Tanuf ina kisima kizuri," akaingia chumbani mwake.

Mama hakumkasirikia kaka kwa maneno. Alimpakulia kila Alkhamisi kama zamani, ila hakumuuliza tena habari za kazi, na nyumbani kwetu asiyeulizwa alijua maana yake. Mwisho kaka aliomba uhamisho akapelekwa Sur. Aliporudi likizo ya kwanza alimletea mama papa mkavu, mama akampika kwa nazi, wakala pamoja, na kwa ninavyojua hilo jambo likaisha hapo bila kuzungumzwa.

Wale watatu walikaa stoo yetu, iliyokuwa imejaa vioo na mataa ya magari. Mtu akisoma haya anaweza kudhani tuliishi kwa furaha. Mama na yule mwanamke waligombana juu ya chumvi, juu ya maji, juu ya namna ya kufunga mlango wa jiko. Mama alipenda kutoa, hakupenda kuingiliwa jikoni, na yule mwanamke hakupenda kupewa kila siku. Wakati mwengine walikaa siku mbili bila kusemeshana, mtoto akawa tarishi wao. Mtoto yule alikishika Kiswahili cha mama upesi, ikawa anamsahihisha mama yake mwenyewe: si kisu ya mboga, kisu cha mboga. Mama yake alimpiga kofi kwa hilo siku moja, na aliyelia ni mama yangu, si mtoto.

Baba ndiye aliyeshangaza. Baada ya siku ile alikuwa kama mtu aliyeruka mtaro akaona kumbe si mpana. Akajitwika safari za Ibra. Kila alipopata Ijumaa ya nafasi alimchukua fundi wake kwenye pikapu wakaenda kukaa katika majlisi ya sheikhe, baraza yake ya wageni. Mara ya kwanza nilifuatana nao, mimi na mama tukakaa kwa wanawake, kwa hiyo niliyoyasikia nimehadithiwa na baba. Fundi alitaja baba zake mpaka wa saba bila kukosea. Sheikhe alimsikiliza, akamkaribisha kahawa na tende, akasema kwa upole kuwa wengi wanakuja na majina, na majina yanaweza kufundishwa. Walirudi vilevile. Walikwenda tena, wakarudi vilevile.

Safari nyengine akawapo mzee mmoja aliyekuwa na duka Bujumbura zamani. Alikuwa amesinzia pembeni. Fundi alipofika kwenye jina la baba yake, yule mzee akafungua macho.

"Yule aliyekuwa karibu na msikiti, mwenye mguu mmoja mfupi?"

"Ndiye."

Mzee akamgeukia sheikhe. "Baba yake huyu ndiye aliyemwosha mwanangu. Nilikuwa safarini. Yeye alimwosha, akamvika sanda, akamzika. Mimi nilikuta kaburi. Ni wenu huyu. Mnataka nini zaidi?"

Sheikhe hakutaka zaidi. Baba alisema sheikhe aliinuka akamkumbatia fundi, na kwamba fundi alisimama tu mikono chini, kwa sababu alikuwa amejitayarisha kurudi vilevile.

Uraia wake ulichukua muda lakini ulikuja, na wa mtoto ukafuata. Mkewe alingoja miaka mingi zaidi. Walihamia Ibra katika nyumba ya kabila lao, na siku ya kuondoka mama na yule mwanamke walishikana wakalia mpaka baba akazima injini ya pikapu akaenda kukaa kivulini. Kuhusu kinyozi, baba aliuliza kwa kila mtu aliyemjua, na hata kwa kaka yangu, jambo ambalo halikuwa rahisi kwao wote wawili. Jibu lililokuja ni kuwa walisafirishwa makwao. Hatukupata zaidi.

Mimi niliolewa Sur, nikaacha baladia, nikaanza kufundisha. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshaingia nilipomwona fundi wetu tena. Mume wangu alikuwa ananipeleka Qalhat kwa jamaa zake, na kando ya barabara, juu ya pwani, tukakuta vibanda vya mabati na nyavu, vya watu wanaofanya kazi kwenye maboti ya wenyewe. Gari la baladia lilisimama hapo. Mtu mrefu aliyevaa kizibao cha kazi alikuwa anazungumza na wavuvi wamechuchumaa. Nilimwambia mume wangu asimame.

Alikuwa amenenepa. Aliniamkia kwa furaha, akaniuliza mama, baba, kaka. Mkewe hajambo, binti yake yuko chuo Nizwa anasomea uuguzi. Yeye alihamia Sur kwa kazi na sasa yuko kitengo cha kuondoa vibanda.

Nilidhani atacheka au ataona haya. Hakufanya lolote. Labda aliona uso wangu, maana alisema, "Barabara mpya inapita hapa. Lazima waondoke. Nawaonyesha kiwanja kule juu, kina maji, nawapa muda. Nakuja kila siku."

"Na wasipokubali?"

"Wengine hawakubali. Wanasema kule mbali na maboti yao, na ni kweli. Nawaambia ukweli: mkihama na mimi, mtahama na mabati yenu. Mkichelewa, watakuja wengine, na mimi nitakuwa sina kauli."

"Wanakuamini?"

Alifikiri. "Wengine," akasema.

Mvuvi mmoja alikuwa amekuja kusimama nyuma yake, mkononi ana nyundo. Alikuwa anataka apelekwe akakione hicho kiwanja kwanza kwa macho yake, kabla hajang'oa msumari hata mmoja. Fundi wetu akaniaga, akamfungulia mlango wa gari, wakaondoka.